Nyama ya Msiba wa Mwenyekiti

Vijana wenzangu wa mifugo, mmeniomba niandike mambo ya kazi kabla sijayasahau. Sijayasahau. Shida yangu ni kwamba yananikalia kichwani hata ninapotaka kulala. Habari za kupandishwa daraja nitaziruka, maana mara nyingi nazo ziliniruka mimi. Nitaandika habari za mtu mmoja aliyeniwezesha kufanya kazi hii, na jinsi tulivyomzika. Mwenye kutaka habari za dozi na chanjo, vitabu vimo ofisini, vumbi lake ni lile lile nililoliacha.

Mimi ni mzaliwa wa Kilimatinde, binti wa fundi cherehani. Nyumbani kwetu ng'ombe tuliwaona wakipita. Nilipotoka chuoni nilipangiwa kijiji kimoja cha Ikungi, enzi hizo Ikungi yenyewe bado iko chini ya Singida Vijijini, na nikashuka kwenye basi na begi la nguo na begi la kazi: kipimajoto, sirinji ya chuma, kamba, na burdizo, ile koleo kubwa ya kuhasia madume. Wazee waliokuwa ofisi ya kijiji waliniamkua vizuri, wakaliangalia lile begi, halafu wakaiangalia burdizo. Mmoja akauliza kwa upole kabisa kama mume wangu angekuja nyuma na basi linalofuata ili aanze kazi.

Niliwaambia sina mume na mtaalamu ni mimi. Walicheka mpaka mmoja akashika kifua. Wakaanza kusemezana Kinyaturu, na mimi Mgogo sikuelewa ila nilielewa.

Asiyecheka alikuwa mwenyekiti wa kijiji, Mzee Ntandu. Alikuwa mfupi, amevaa koti la kaki lililopauka mabegani, na alikuwa na tabia ya kukohoa kabla ya kusema, kama anayebisha hodi. Akakohoa, akasema, "Binti, anza na zizi langu."

Nikaanza na zizi lake siku hiyo hiyo, na wale wazee wote wakafuata nyuma kuangalia sinema ya bure. Dume la kwanza lilinipiga teke la paja nikakaa chini kwenye mavi. Mwenyekiti hakuninyanyua. Alilishika dume pembe, akasubiri niinuke mwenyewe, nikainuka, nikalihasi, na la pili, na la tatu. Jioni alitoa kigoda akakaa palepale zizini aone kama litakufa hata moja. Hakuna lililokufa. Kesho yake asubuhi kulikuwa na watu mlangoni kwangu, na aliyeulizia mume wangu alikuwa wa kwanza.

"Anza na zizi langu" ndiyo ilikuwa siasa yake yote. Chanjo ikija, ng'ombe wake walichomwa kwanza. Josho lilipotakiwa kuchimbwa, wa kwanza kushika sururu alikuwa yeye, na alipochoka ndipo aliitisha mkutano kuwauliza wengine wana maoni gani. Nimefanya kazi na wenyeviti wengi waliojua kuhutubia. Huyu hakujua. Alisema maneno machache akaketi, na watu walibaki wanatazamana hawajui kama mkutano umekwisha.

Sasa niwaeleze jambo la kuwahi, kwa sababu mtalikuta na mtalichukia. Ng'ombe akianza kutetemeka na kuanguka, mwenyewe hapigi mbio kumwita mtaalamu. Anapiga mbio kutafuta kisu. Akichinjwa kabla pumzi haijakata, watu wanasema "amewahiwa", na neno hilo likishasemwa nyama ni halali, ni safi, na ni tamu. Asipowahiwa ni kibudu, na kibudu hakuna anayekubali kwamba anakula. Kwa hiyo katika miaka yangu yote kule sikuwahi kukutana na kibudu. Ng'ombe wote wa Ikungi waliwahiwa, hata waliokuwa wamevimba kama ngoma.

Mwaka wangu wa pili kituoni ng'ombe wa Irunde alianguka mtoni. Irunde wakati huo alikuwa kijana mwenye mke na mtoto mchanga. Wakamuwahi, wakamchuna, wakagawana. Nilipopata habari nilikwenda na baiskeli nikaikuta damu chini, nyeusi, haijaganda, na nikajua ni kimeta. Nilizunguka nyumba hadi nyumba nikiomba nyama irudishwe. Wengine walinifukuza, wengine walinionyesha sufuria tupu na huku harufu inanipiga puani. Mke wa Irunde ndiye aliyekuwa ameshika matumbo na ngozi. Alitoka kidonda cheusi mkononi, hakikumuuma, kwa hiyo hakwenda zahanati. Alipokubali kwenda alikuwa amechelewa. Tulimzika wiki ile ile, na Irunde alibaki anamlisha mtoto maziwa ya mbuzi kwa kijiko.

Pale ndipo mwenyekiti alipofanya jambo ambalo sikufundishwa chuoni. Alikuja kwangu akakohoa, akaniuliza, "Kwa nini hawakukusikiliza?"

Nikamwambia hawajui ubaya wa kimeta.

"Wanajua," akasema. "Wana njaa. Mtu aliyekwisha kuona nyama humwambii akale mlenda."

Tangu siku hiyo ikawa desturi yake. Ng'ombe akianguka popote kijijini, nilimpelekea habari, tukaenda wote. Yeye alisimama kando ya mzoga na fimbo mpaka shimo lichimbwe na chokaa imwagwe, na hakuondoka mpaka udongo ukanyagwe. Kisha alituma mbuzi kutoka zizini kwake. Mbuzi yule alichinjwa, akagawiwa kwa wote waliokuwa wamekuja na visu na mabeseni, ili sufuria zisirudi tupu. Hakumdai mtu. Mkewe, Mama Eliza, alinung'unika hadharani kwamba mume wake ameoa kijiji, na mbuzi wa mahari ya binti yao wameishia kwenye meno ya majirani. Alikuwa na haki ya kunung'unika. Lakini watu walianza kuniita wenyewe. Walikuja mbio, "Mama Mifugo, kuna ng'ombe kaanguka," na nyuma ya maneno hayo nilisikia kabisa kwamba wanamuulizia mbuzi. Sikujali. Kwa miaka mingi hatukuzika mtu mwingine kwa ajili ya nyama.

Mtadhani mtu kama huyo alizeeka akiheshimiwa. Ngojeni.

Ulikuja mwaka wa ukame, na katikati ya ukame homa ya mapafu ya ng'ombe. Ikatangazwa karantini, mnada ukafungwa. Mnajua maana ya mnada kufungwa wakati mtu anataka kuuza ng'ombe anunue mtama. Agizo lilitoka juu, lakini juu ni mbali, na mwenyekiti alikuwa karibu. Wenyeviti wa jirani walifumba macho, ng'ombe wakapitishwa porini usiku. Yeye alikataa. Ng'ombe wake walikuwa wa kwanza kufungiwa, na wawili walikufa kwa njaa akiwaangalia. Kulikuwa na mfanyabiashara wa ng'ombe pale kijijini, anaitwa Kidanka, kijana mwenye maneno laini na gari aina ya Kanta. Huyo alizunguka kila kitongoji akiuliza swali moja tu: "Huyu mzee ni wa kwenu au wa serikali?" Uchaguzi ulipofika Mzee Ntandu aliangushwa vibaya, Kidanka akakalia kiti chake, na walioinua mikono dhidi yake niliwajua mmoja mmoja, maana niliwahi kuwagawia mbuzi wake.

Kuangushwa hakukumuuma. Kilichomuuma ni shikamoo. Vijana walianza kumpita njiani kimya, kana kwamba wanapita kisiki. Kule kwetu mnajua, mtoto asiyemwamkia mzee hapigwi na mzazi wake tu, hupigwa na yeyote aliye karibu. Lakini huyu walimnyima na wazazi wao wakatazama pembeni. Yeye aliendelea kuitikia. Kijana alimpita hajasema kitu, na mzee alikohoa, akasema, "Marahaba." Nilimwambia aache, anajiaibisha. Akanijibu, "Aibu si yangu. Mimi nimeitikia." Nilicheka siku ile. Sasa nikikumbuka sicheki.

Mimi nikastaafu nikahamia Utemini, mjini Singida, kwenye nyumba ambayo mifugo yake ni kuku saba na jirani mmoja. Huko ndiko simu ya Eliza, binti yake, ilinikuta. Mzee amefariki. Kifua, kile kile alichokuwa anabishia hodi, kilikuwa kimemzidi. Nilipanda gari asubuhi ya mazishi nikiwa nalia, na sikuona aibu.

Nilipofika sikuamini macho yangu. Maturubai, viti vya kukodi, spika mbili juu ya mti. Kidanka, ambaye bado ndiye mwenyekiti, ndiye aliyekuwa mkuu wa kamati ya mazishi, amevaa suti nyeusi, anaelekeza watu. Kulikuwa na mgeni rasmi kutoka wilayani na ratiba ya hotuba. Wale vijana wa kumpita kama kisiki walikuwa wanaegesha pikipiki za waombolezaji. Niliwaza, sawa, mtu akifa anaota sifa, ndivyo dunia ilivyo, nyamaza ukae.

Ningenyamaza kama nisingezunguka nyuma ya nyumba kuwasalimia wapishi.

Kulikuwa na dume limechunwa. Dume la heshima, waliniambia, limetolewa na Mwenyekiti Kidanka kwa niaba ya kijiji. Nikauliza limechinjwa saa ngapi. Wakatazamana. Mwanamke mmoja aliyekuwa anachambua mchele akasema, "Lilianguka wakati wa kushushwa kwenye Kanta, mama. Lilikuwa linatetemeka tangu njiani, linatoa mate. Lakini liliwahiwa."

Mchinjaji, Mwislamu mmoja mwaminifu ambaye huitwa misiba yote ili watu wa kila dini waweze kula, aliapa lilikuwa bado linapumua. Nilimwamini. Halikuwa swali langu. Niliomba kuiona bandama, maana bandama iliyovimba na kulegea ndiyo inayosema kama ni kimeta, na nikaambiwa mbwa walishaimaliza. Damu ilikuwa imefukiwa kwa mchanga. Kwa hiyo sikujua dume lile lilikufa kwa nini. Huenda ilikuwa ndigana ya kupe, huenda safari na jua, huenda lilikuwa limemeza mifuko ya plastiki. Sijui mpaka leo. Lakini kazi yetu yote, vijana, ni kwamba asiyejua halishi watu.

Nilimtafuta aliyerithi kituo changu. Nilimkuta amesimama pembeni na gambuti safi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nyama hii umeipitisha?"

"Nimeipitisha, mama."

"Bandama uliiona?"

"Nilikuta wameshachuna. Mwenyekiti akasema nipitishe, wageni wako njiani." Akaangalia gambuti zake. "Ningefanyaje, mama?"

Mwanangu, kama unayasoma haya, sikulaumu sana. Nakulaumu kiasi.

Nikamwendea Kidanka. Nilimweleza polepole, kwa heshima ya msiba. Nikamwambia mbuzi wapo zizini kwa marehemu, wachinjwe hao, nyama ile ifukiwe, na hakuna atakayejua. Akanishika mkono kama mtu anayempa mwenzake pole, ili walio mbali waone tunafarijiana.

"Mama Mifugo, ulishastaafu," akasema. "Na mtu huyu tunamzika kwa heshima. Unataka aandikwe kwamba alizikwa kwa mbuzi? Usituchafulie msiba."

Nikaomba kusema kwenye spika. Mwenye kipaza sauti akaniambia ratiba imejaa. Nikarudi kwa wapishi, wakaniitikia "ndiyo mama" na kuendelea kukoroga. Nilimtafuta Eliza, nikaambiwa yuko ndani ya gari na mgeni rasmi, wanapanga nani ashike shada lipi.

Mgeni rasmi akahutubia. Alisema marehemu alikuwa mstari wa mbele kulinda afya za wananchi, na kwamba kijiji hiki kisingekuwa kilivyo bila yeye. Watu wakapiga makofi. Upepo ulikuwa unatoka jikoni, na harufu ya nyama ikatupitia sote tukiwa tumekaa tunasikiliza habari za afya.

Tukamzika. Kisha chakula kikagawiwa.

Hapa lazima niwaambie desturi, kwa wale mtakaotoka mikoa mingine. Chakula cha msiba hakikataliwi. Unaweza kula punje mbili ukanawa, lakini lazima mkono uingie kwenye sahani. Anayekataa anatangaza kwamba ana jambo na marehemu, kinyongo au kibaya zaidi, na neno hilo likikushika halikuachii. Mimi niliinua mkono kumzuia kijana aliyeniletea sahani. Waliokuwa karibu yangu wakaacha kutafuna.

Mbele yangu kidogo alikaa Irunde, mzee sasa, mvi tupu. Yule yule aliyemzika mke wake. Sahani ilikuwa mapajani na alikuwa ameshaanza. Nikainama, nikamnong'oneza dume lile lilivyoanguka.

Akatafuna taratibu akameza. "Najua," akasema. "Nilikuwepo linashushwa."

"Na wewe unakula? Wewe, Irunde?"

Macho yake yalijaa machozi, lakini mkono haukutoka kwenye sahani. "Mama Mifugo, mimi niliinua mkono siku ile ya uchaguzi. Kila mtu hapa anajua niliinua. Leo nikikataa nyama yake watasema nini? Watasema bado ninamchukia. Acha nile, mama. Nikifa, nimekufa nikimheshimu."

Niliangalia maturubai yale yote na nikaelewa kwamba wengi walikula kwa sababu hiyo hiyo. Walimnyima kura, wakamnyima salamu, sasa walikuwa wanalipa kwa njia pekee waliyoiona iko wazi, na njia hiyo ilikuwa ni kufanya kile alichotumia maisha yake na mbuzi wake kuwazuia wasifanye. Nilitamani kuwapiga na fimbo ya mzee. Nilitamani pia kukaa chini nilie nao. Nilipoingia ndani kumwona Mama Eliza nimzuie angalau yeye, alikuwa ameshalishwa na wanawake wenzake. Hakuwa amekula tangu mume wake afariki, na walimshukuru Mungu kwamba amemaliza. Kwenye sahani ulibaki mfupa.

Nikalala palepale msibani mpaka kumaliza matanga, nikisubiri mtu augue. Nilikuwa nawakagua watu mikono kila walipokuja kunisalimia. Hakuna aliyeugua. Si mpishi, si mchinjaji, si mbwa. Nawaambieni ukweli ambao utawatesa katika kazi hii: kimeta si radi, na si kila ng'ombe anayeanguka ana kimeta, kwa hiyo mara nyingi anayekula hapati kitu, na aliyemkataza anaonekana mwongo.

Siku ya matanga wanaume walikaa wakizungumza, na Kidanka akasema kwa sauti ya utani kwamba kumbe nyama ya kuwahi haina shida. "Mzee wetu, Mungu amrehemu, alitunyima nyama bure miaka yote ile." Wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya. Walicheka kama watu wanavyomcheka mzee wao mpendwa aliyekuwa na vituko vyake. Yule kijana wa gambuti naye alicheka. Nilimwona.

Nikaenda kumuaga Mama Eliza. Alikuwa amelala kwenye mkeka, wanawake wametoka nje kuosha vyombo. Aliushika mkono wangu kwa muda, akauminya.

"Mwanangu, watu wanasema. Nami sitaki kuyasikia kwa watu, nataka nikuulize wewe, usinifiche. Ulikuwa na neno na mzee?"

Nilikuwa na kila kitu mdomoni. Ningemwambia kuhusu Kanta, na mate, na bandama. Kisha nikaona kwamba nikimwambia, huyu mama ataishi miaka yake iliyobaki akijua amemzika mume wake kwa kibudu, na kwamba yeye mwenyewe alikila.

"Sikuwa na neno, mama. Sikuwa nalo hata moja."

Akanitazama. Nikaona hajaamini.

"Basi ungekula," akasema, akauachia mkono wangu, akageukia ukutani.